Kamba Nyeupe za Tewa

Jumatatu, 1 Agosti 1966

Miezi kumi na moja na siku nne leo tangu nitoke nyumbani. Nimehesabu mara mbili. Meli yetu, Tewa, imefunga gati Lamu tangu asubuhi, kusi inavuma, manyunyu. Mgongo unauma pale pale.

Barua ya Kwamboka imefika. Kaandikiwa na mwalimu, kwa hiyo maneno ni ya adabu mno, lakini mke wangu namjua. Hasira imelala chini yake. Wapimaji wa mashamba wanafika kwetu Jumatatu tarehe 29. Kila mwenye shamba asimame mwenyewe mpakani. Jirani wa upande wa mto ameshang'oa miti ya mpaka mara moja, akaipanda hatua sita ndani kwetu. Anatangaza kwamba mume hayupo, na mwanamke ataonyesha nini?

Lazima nifike kabla ya tarehe hiyo. Nimemwomba likizo karani wa meli, Bwana Rufus. Kasema ataona. "Nitaona" ya Rufus naijua. Ni mtu wa bara kama mimi, lakini bara lake lina viatu.

Jambo jingine. Kuna marobota mawili makubwa yameshushwa chini, yamefungwa magunia. Rufus anasema ni kamba mpya za kufungia meli. Nailoni. Waya zote zitatolewa. Nikamuuliza kwa nini, waya bado zinashika. Akasema maendeleo.

Sijaona kampuni ikitupa chuma kizima kwa ajili ya maendeleo. Lipo jambo.

Jumanne, 2 Agosti

Tumefungua marobota. Nyeupe! Nyeupe kama meno ya mtoto. Laini mkononi, haina mwiba hata mmoja. Nikatazama viganja vyangu, makovu ya waya juu ya makovu, nikaona kama nimechekwa.

Ndani ya kila kamba katikati kuna uzi mmoja wa rangi. Kapteni, Bwana Douglas, alituonyesha kwa ncha ya kalamu. Ya mbele ina uzi wa buluu, ya nyuma ina uzi mwekundu. Ndiyo alama ya kiwanda. Ya buluu ilikuwa ndefu mno, ikabidi ipunguzwe. Mimi nilishika ncha, serahangi, mkuu wetu wa sitaha, akakata kwa kisu kilichopashwa moto. Harufu mbaya, kama kitana kimetupwa jikoni. Kile kipande kilichobaki, kama pima nne, Bwana Douglas kakisukuma kwa mguu. "Hiyo takataka." Ya nyuma haikuguswa, urefu wake sawasawa.

Waya tulikuwa tunauvuta watu sita, tunatukana kwa lugha sita. Leo Jamaludin wa winchi katia kitanzi cha nailoni begani, akatembea nacho peke yake mpaka mbele ya meli akitikisa kiuno. "Mabwana, hii si kamba, hii ya Bi Arusi kuanikia kanga!" Wote wakacheka. Mimi sikucheka. Kazi ya sita sasa ni ya wawili. Sita toa wawili, wanabaki wanne. Hao wanne watakwenda wapi?

Ndiyo maendeleo yenyewe hayo.

Serahangi hakucheka pia. Barka, mtu wa Wiyoni hapa Lamu, miaka ishirini na miwili juu ya waya. Anafuma kitanzi cha waya huku anazungumza, hata hatazami mkono. Leo kaigusa kamba kwa vidole viwili, kama mtu aliyewekewa chakula asichokijua. Bwana Douglas kamwambia ule upande uliokatwa utahitaji kitanzi, atafuma lini? Barka kasema Inshallah. Miezi yote hii sijapata kumsikia akijibu Inshallah kwenye jambo la kamba. Kwa kawaida hujibu "tayari".

Kuna karatasi ya Kiingereza imekuja na kamba. Rufus katusomea: msiipake grisi, msisimame nyuma yake ikiwa imevutika. Akakunja. Karatasi ndefu, alichosoma kifupi.

Ijumaa, 5 Agosti

Mokowe. Mara ya kwanza kufunga kwa nailoni.

Jamaludin kwa mazoea kaipaka grisi, pima mbili nzima! Bwana Douglas kapiga kelele mpaka punda wa gatini wakasimama. Tumeisafisha kwa sabuni na matambara, kazi ya kijinga kuliko zote nilizofanya mwaka huu. Jamaludin anasema angejua angeipaka mafuta ya nazi na hina.

Kamba hii inavutika kama mpira. Mkondo ukija meli inakwenda zake hatua mbili, kamba inakonda, halafu inaturudisha polepole. Bila sauti. Ndilo linalonisumbua. Waya ukichoka hulia. Unasikia nyuzi zinaachia moja moja, tik, tik, unapata nafasi ya kukimbia. Nimekimbia mara tatu mwaka huu na bado nina miguu miwili.

Barka alitega sikio juu ya kamba muda mrefu. Akaniita. "Ndoo hapa, mtu wa bara. Wasikia nini?" Nikasema sisikii kitu. "Basi ni hilo. Waya ukitaka kukatika hukwambia kwanza. Hii haina ulimi."

Kisha kapitisha mkono kwenye mdomo wa nyuma. Mdomo ndio lile tundu la chuma ubavuni mwa meli, kamba inatokea hapo kwenda gatini. Kamwambia Rufus, "Mdomo hunu una meno." Rufus kajibu, "Serahangi, umezoea waya. Utazoea na hii." Barka kautoa mkono, akaufuta kwenye kikoi, asiseme tena.

Nadhani mzee anatafuta visingizio turudi kwenye waya. Kule yeye ni mfalme.

Jumapili, 7 Agosti

Lamu. Barka hakuja asubuhi. Bwana Douglas kanituma Wiyoni nikamwite. Jua kali, mchanga unaingia viatuni, na viatu vyenyewe vina madirisha.

Nikapiga hodi, nikasimama nje. Mkewe, Bi Khairiya, kaitika akiwa nyuma ya mlango. "Hayupo, kafuata ndia ya pwani, yuaya sasa hivi," yaani anakuja. "Wataka mai?" Nikasema nataka. Mlango ukafunguka kidogo kwa ajili ya kata ya maji. Nikaona. Mkekani, nyuzi nyeupe! Zimefumuliwa, zimelala fungu fungu. Aliona nimeona. Akavuta ncha ya mkeka kwa mguu, akazifunika.

Nimekunywa maji, nimeshukuru, nimeondoka. Njiani nimekutana na Barka. Vidole vitatu kavifunga vitambaa. Nikamuuliza amefanyaje. "Mwiba wa samaki." Barka haendi kuvua. Hana hata ndoana.

Wavuvi wa hapa sasa wanapenda nailoni kuliko pamba, haiozi. Nimewasikia mwenyewe sokoni wakiulizana inapatikana wapi.

Sijamwambia mtu. Naandika tu.

Jumatano, 10 Agosti

Kiunga. Barabara ya huku imefungwa kwa ajili ya mashifta, waasi wa mpakani, kwa hiyo unga na mafuta ya taa vyote vinakuja na sisi. Askari wanatutazama kama ni sisi tuliofunga barabara. Tumetia nanga, tunashusha kwa mashua. Kamba hazina kazi leo.

Nikifagia nyuma ya meli nimekuta manyoya meupe chini ya mdomo. Laini, kama pamba. Ndani yake vinyuzi vyekundu. Nimeyakusanya, nimeyatia katika bahasha ya Kwamboka.

Mtu anakaa pale na kisu. Anaichuna kamba kidogo kidogo isionekane. Nani mwenye kisu kikali kuliko wote humu? Nani ana nyuzi chini ya mkeka?

Nimemwangalia Barka wakati wa chakula. Anakula kwa mkono wa kulia, wa kushoto kauficha ndani ya shati. Akaniona namtazama. "Fanueli, wanitazama kama wataka kunioza binti yako." Wote wakacheka. Ana maneno mazuri. Wezi wana maneno mazuri.

Jumatatu, 15 Agosti

Lamu tena. Rufus kaniita stoo, kanipa sigara, akaniwashia mwenyewe. Nikajua kuna jambo.

Anasema orodha imetoka Mombasa. Watu wanne wa sitaha wapunguzwe mwisho wa mwezi. Kumbe hesabu yangu ilikuwa sahihi! Hakusema ni nani. Kasema kampuni inapenda watu wenye macho. Mtu akiona jambo asikae nalo. Na likizo yangu, kasema, iko mezani, inangoja tu mkono wa kuisukuma.

Sikumwambia kitu. Lakini nilinyamaza kama mtu mwenye la kusema. Yeye kaliona hilo.

Nimepita kwenye mlango wa stoo, ile karatasi ya kamba sasa imetundikwa msumarini, lakini imefunikwa na orodha za unga. Kwa nini ifunikwe?

Naona kila kitu kama mtego siku hizi. Labda ni uchovu. Labda ni mitego.

Jumatano, 17 Agosti

Naandika nikiwa nimeketi mbali na kamba zote.

Mokowe. Bamvua leo, maji yanakwenda kwa nguvu kupita kiasi. Tulikuwa tunajivuta gatini, kamba ya nyuma iko kwenye winchi, Jamaludin kwenye mkono wa winchi. Mimi hatua nne kulia kwake. Barka alikuwa mbele. Kabla ya kwenda alimwambia Jamaludin asimame upande wa pili, asikae kwenye mstari wa kamba. Jamaludin kasema upande wa pili yuko kipofu, haoni gati. Ni kweli. Kwa waya siku zote tulisimama pale. Ndipo unaposikia vizuri.

Kamba ikakonda. Ikawa nyembamba kama mkono wa mtu. Nikatega sikio. Nilitega sikio! Mjinga mimi, nangoja iseme.

Haikusema. Mlio mmoja, kama bunduki, na tayari imeshapita. Sikuiona. Niliona Jamaludin ameketi chini, anatazama mguu wake wa kulia ambao umeelekea pasipo pake. Hakulia. Kasema, "Mabwana, winchi, zimeni winchi." Mpaka sasa namsikia.

Askari walikuwa na gari lao gatini, wamempeleka kwa daktari. Mfupa mmoja umevunjika mara mbili. Watu wanasema ataishi. Kutembea, Mungu ajuaye.

Bwana Douglas kaiokota ncha iliyokatika. Nusu imechanika, nusu imekatwa, nyuzi zimelala sawasawa kama zimepitiwa na kisu. Kageuka akatutazama mmoja mmoja. "Nani nakata kamba yangu?"

Rufus hakumtazama kapteni. Alinitazama mimi.

Alhamisi, 18 Agosti

Nimesema.

Nimesema niliyoyaona Wiyoni, nyuzi, mkeka, vidole. Nimetoa bahasha na manyoya. Nilidhani nikimaliza nitajisikia mwepesi.

Barka kaitwa. Kaulizwa kama ana nailoni nyumbani. Kasema ndiyo, anayo. Ya nini? Kanyamaza. Kaulizwa mara tatu. Uso wake ulikuwa wa mtu mwenye aibu, wote tumeiona, na aibu ya mtu ni kama sahihi yake. Mwisho kafungua mkanda, kaweka mezani kisu na ule msumari wake mnene wa kufumia. Kamwambia kapteni, "Mumemuuliza Fanueli. Kamba mumeiuliza?"

Tukifika Lamu anashushwa. Rufus anaandika barua kwa ajenti wa kampuni aliye Lamu.

Hakunitazama hata mara moja. Angenitukana ningefurahi.

Ijumaa, 19 Agosti

Lamu. Barka kashuka na kikoi chake tu. Likizo imekubaliwa. Rufus kanipa karatasi yenye muhuri. Tewa inaondoka Jumatatu tarehe 22, kesho yake Mombasa, halafu treni, halafu basi. Ijumaa tarehe 26 niko nyumbani. Siku tatu kabla ya wapimaji!

Nimemwandikia Kwamboka, nimetia barua posta.

Sina njaa.

Jumamosi, 20 Agosti

Nimepewa kazi ya kupeleka sanduku la Barka Wiyoni. Nani mwingine angepewa.

Sanduku la mbao, kamba yake ya kufungia imelegea. Nikiwa karibu na nyumba likaniponyoka, kifuniko kikafunguka mchangani. Shati moja. Msala. Na vitanzi. Vitanzi tisa vya nailoni, vidogo, urefu wa mkono, vimepangwa kama mikate.

Nikachuchumaa pale pale juani. Cha kwanza kibovu. Nilipokivuta kikateleza, kikafumuka chote mkononi. Kafuma kama anavyofuma waya, nyuzi kupita mara tatu, na nailoni haishiki hivyo, inateleza. Cha pili vivyo hivyo. Cha tano kapitisha mara nne. Cha saba mara tano, na ncha kaziunguza kwa moto zisitoke. Kwenye ncha moja kuna ngozi ya kidole imegandia. Cha tisa nilikikanyaga kwa mguu, nikakivuta kwa nguvu zangu zote, mgongo huu huu. Hakikusogea.

Bi Khairiya alikuwa mlangoni. Sijui amesimama muda gani. Safari hii hakujificha.

Kasema karibu wiki tatu mkono wa kushoto wa mumewe haushiki hata kikombe. Kila akishuka, nyuzi. Anafuma, anafumua, anajichoma. Serahangi wa miaka ishirini na miwili, aketi chini afunzwe kitanzi na karani aliyekwenda skuli juzi? Aliona haya. Alitaka siku ya kupanda na kitanzi chake aseme "tayari" kama ada yake.

Nikamuuliza, mbona hakusema mbele ya kapteni?

"Angesema nini? Akisema naiba, afukuzwa. Akisema najifunza, wasema serahangi hajui kazi, afukuzwa. Akaona heri anyamaze."

Barka alikuwa ndani. Nilisikia kikohozi chake. Nikatoa salamu. Hakuitika. Bi Khairiya kapokea sanduku, akasema, "Nenda, mwanangu. Jua kali." Mwanangu! Baada ya hayo yote.

Jumapili, 21 Agosti

Sikwenda kanisani. Nimesoma daftari hili tangu mwanzo.

Liko hapa kwa mkono wangu mwenyewe, tarehe 2: kamba ya buluu ilikatwa, pima nne zikabaki, kapteni akasema takataka. Ya nyuma yenye uzi mwekundu haikuguswa. Ncha nilishika mimi! Vitanzi tisa vya Barka vyote vina uzi wa buluu katikati. Nilivishika jana, niliuona ule uzi, na macho yangu hayakunipa habari mpaka leo. Iliyokatika ni ya nyuma, nyekundu. Na manyoya yangu ya bahasha yana vinyuzi vyekundu.

Kwa hiyo nani aliichuna?

Nimekwenda nyuma ya meli. Hapakuwa na mtu. Nimetia mkono kwenye mdomo, mpaka kwapani, kama Barka siku ile ya Mokowe. Meno. Ndani kwa chini, pasipoonekana, miaka yote ya waya imechimba mifereji kwenye chuma, na kingo za mifereji ni kali kama kopo lililofunguliwa. Nimetoa mkono una damu, na kwenye damu manyoya meupe na uzi mwekundu.

Kila meli ilipovutwa na mkondo, kamba ilikuwa inajikata yenyewe. Mwizi ni waya wa zamani. Barka alisema, mbele yangu, nikaandika, nikamcheka.

Halafu nikaenda stoo. Nikainua orodha za unga. Ile karatasi ya Kiingereza ina picha! Kumbe haihitaji Kiingereza. Picha ya tatu ni mdomo wa chuma, na mkono wa mtu umeshika tupa unausugua ndani uwe laini. Mbele ya picha kuna alama ya wino, maana yake imefanyika. Chini, tarehe 2 Agosti, sahihi ya Rufus.

Siku ile sisi sote tulikuwa tunacheza ngoma ya kanga na Jamaludin. Hakuna aliyesugua kitu. Humu hata tupa hamna.

Sijui kama alikusudia ubaya. Labda alitaka tu karatasi iishe. Lakini aliifunika. Mtu hafuniki asichokiogopa. Na mimi alinichagua, akaniwashia sigara.

Saa kumi nimekwenda kwa kapteni. Nimemwambia yote, uzi wa buluu, mdomo, picha. Kanisikiliza amesimama.

"Wewe Alhamisi sema Barka mwizi. Leo sema Barka si mwizi. Kesho sema nini?"

Nikasema kesho sipo kusema, nakwenda likizo. Hakucheka. Kaja mpaka nyuma, kavua saa, kaingiza mkono wake. Kautoa. Halafu kasema mambo ya mdomo peke yake hayatoshi, barua ya wizi imeshakwenda kwa ajenti, na ajenti yuko Mombasa, anarudi Jumatano ijayo, tarehe 31. Nikitaka kuyafuta maneno yangu nishuke hapa, nimngoje, niseme mbele yake, Barka akiwapo na Rufus akiwapo. Tewa itakuwa imesharudi. Lakini kesho saa nne inaondoka, na mtu asiyekuwamo hayumo.

"Na likizo yangu, Bwana?"

"Likizo nakwisha kama wewe nashuka. Naanza tena na meli ya pili."

Meli ya pili ni Jumanne, tarehe 6 Septemba. Wapimaji ni tarehe 29.

Nimejiuliza maswali mabaya. Je, kapteni ananijaribu nikate tamaa niende zangu? Mdomo ni wa meli yake, mguu wa Jamaludin utamwuliza na yeye. Au kweli hana njia nyingine? Sijui tena kumwamini mtu kunaanzia wapi. Mtu wa mwisho niliyemwamini ni mimi, nikaona yalivyokuwa.

Hatua sita za shamba. Nazijua, pana mgomba wa mama pale.

Jumatatu, 22 Agosti

Naandika gatini, daftari juu ya goti. Furushi langu la nguo liko chini ya miguu.

Asubuhi nimepita Wiyoni. Nimeegemea ukuta, nimesema kwa sauti ya kutosha kwamba nitasema mbele ya ajenti. Halafu sauti ya Bi Khairiya, "Amesikia." Basi. Hakuna zaidi.

Rufus kajua. Nani kamwambia? Wakati nashuka kasimama ngazini, kanishika mkono, kanong'ona kwa upole kabisa. Fanueli, ndugu yangu, mtu anauza shamba la baba yake kwa ajili ya mzee ambaye hata salamu hakuitikii? Nimemwambia mkono wangu una kidonda, aachie.

Wameanza kufungua. Nailoni ya mbele imeingia, wamevuta watu wawili. Haikusema neno. Nyuma kapteni karudisha waya wa zamani tangu Alhamisi. Sasa winchi inaupokea. Unalia, unakwaruza ule mdomo, nyuzi zinaguna moja moja. Sikujua kama nitakuja kuupenda mlio huo.

Barka yuko hapa. Amekuja sasa hivi, kasimama kule mwisho wa ukuta, mikono nyuma. Hanitazami. Kainamisha kichwa, kategea waya sikio.

Rufus anapiga kelele kutoka sitahani, na wenzangu pamoja naye. "Fanueli, ruka! Bado hatua mbili! Wapimaji hawangoji mtu!" Hatua mbili za maji. Naweza kuruka. Mwaka huu nimeruka zaidi ya hizo.

Hatua nne.

Nikimaliza nachana kipande hiki nikitie posta. Kwamboka, barua yangu ya Ijumaa usiifuate. Usiningoje tarehe 26. Siku ya wapimaji simama wewe kwenye mgomba wa mama, usitoke hata wakikucheka. Mimi nitafika Jumamosi, tarehe 10 Septemba.